Sabufa ya Kuzamisha Sauti Yangu

Jumatano, 5 Machi
Baba kanunua risiva. Kubwa kama sanduku la nguo, kazi yake kugawa sauti ya televisheni kwenye spika tano na sabufa moja. Nikafurahi. Upumbavu mtupu! Kumbe Jumapili shangazi anakuja na wanawe, na cha kuzindulia mtambo ni MIMI: video ya siku niliyosoma risala shuleni. Ile ambayo sauti yangu inayobalehe ilianza kama baba mtu mzima ikaishia kama kifaranga. Mbele ya binamu zangu! Watu ambao mpaka leo wananiita Maji Moto kwa jambo lililotokea darasa la pili. Nilitaka kukataa. Nikasema sawa baba. Ndiyo maisha yangu hayo kwa ufupi.

Alhamisi, 6 Machi
Kitabu cha maelekezo ni Kiingereza kitupu. Baba akanikabidhi, akasema haya, tuone hiyo shule ya lugha mbili imezaa nini. Imezaa hila, baba. Nimesoma kwamba maneno ya watu hutokea spika ya katikati. Basi! Nikaingia kwenye menyu, nikaiambia mashine spika ya katikati haipo. Jumapili nitakuwa bubu. Hongera kwangu.
Wakati wa kujaribu, mashine ikawa inatoa "shhhh" spika moja baada ya nyingine. Mama akatoka jikoni mbio, akauliza gesi inavujia wapi. Kaka akamwambia inavujia kichwani mwangu.

Ijumaa, 7 Machi
Pigo! Taarifa ya habari inasikika vizuri kuliko jana. Ukurasa uliofuata (sikuona haja ya kuusoma) unasema spika ya katikati isipokuwepo, maneno yote huhamia ya kushoto na ya kulia. Mashine ina kiherehere kama kiranja mpya.
Mpango wa pili: kujizamisha. Kwenye menyu kuna mahali pa kuamua sauti nzito zianzie wapi kupelekwa sabufa. Nikapandisha mpaka mwisho. Nguvu ya sabufa nayo mpaka mwisho. Iungurume, ifunike kila neno! Kaka, anayejiita Injinia tangu abadilishe plagi ya pasi, akaja kunifundisha kwamba sabufa hukaa kwenye kona, kona inazidisha mngurumo. Siku nyingine ningembishia vikali, kimoyomoyo. Leo nikaibeba mwenyewe hadi kwenye kona. Akaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 9 Machi
Sijui nianzie wapi. Mapazia yalitikisika. Vikombe vikacheza kwenye trei. Halafu nikafungua mdomo kule kwenye kioo cha televisheni, ikatoka sauti ya jitu zima! Sabufa haikunifunika, ilininenepesha. Nzito, imetulia, kama rais anatangaza hali ya hatari. Hata pale penye kifaranga, kifaranga kilikohoa kama mwenyekiti wa kikao. Binamu hawakucheka. Mmoja aliyenizidi miaka mitatu akaniita kaka. Shangazi akafuta machozi, akasema huyu si mtoto tena, mshereheshaji wa harusi ya binti yake amepatikana, na asitafutwe mwingine. Watu mia nne! Baba akakubali papo hapo. Mimi nikatabasamu kwa aibu. Tabasamu likahesabiwa kuwa ndiyo. Injinia naye anazunguka sebuleni kama yeye ndiye aliyenizaa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwomba mama aninasue. Akasema shangazi ameshatangazia ukoo mzima, kama sitaki nimpigie mwenyewe nimweleze. Nimpigie! Nimweleze! Kwa mdomo! Afadhali hao mia nne.
Nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Kasoro yake ni moja tu: sabufa moja haitoshi kumzamisha mtu. Nimemtuma Injinia akaniulizie kule ukumbini harusi itakapofanyika. Fundi mitambo wao anatafuta msaidizi, na sabufa zake ni nane.