Simba wa Kasingirima na Akaunti za Ofisi

Jumatatu, 1 Juni 2015
Kikao cha asubuhi. Mkuu wetu, Mama Regina, hakutabasamu hata kidogo. Kasema wadukuzi wameingia kwenye akaunti ya ofisi jirani, na kompyuta zetu ndizo zenye majina ya wakimbizi wote tuliowaandikisha kule mpakani Kagunga. Watu hao wana maadui huko walikotoka. Ijumaa atateua mlinzi wa akaunti zote. Mlinzi atahamia chumba chenye feni! Tunaofaa ni wawili: mimi na Winfrida, ambaye hujifunika kanga, yeye na kompyuta yake, kila anapoandika neno la siri. Ushamba mtupu. Feni ile ni yangu.

Jumanne, 2 Juni
Nimeweka neno jipya la siri, refu kama treni ya Tabora. Kufika saa ya chai nimelisahau. Kompyuta ikaniuliza swali la dharura: mtoto wako wa kwanza anaitwa nani? Nikaandika Yusra. Ikafunguka. Nimevutiwa sana. Nani mwingine angejua jambo la ndani ya nyumba yangu namna hiyo? Nikiwa bado natafakari, Saad muuza kahawa akapaza sauti barazani kwamba kahawa ya Baba Yusra inapoa.

Jumatano, 3 Juni
Hila ya leo: kuingia kwenye akaunti ya Winfrida, Mama Regina aone ilivyo wazi. Swali lake ni lile lile. Mji mzima unamwita Mama Meshack, basi nikaandika Meshack. Imekataa. Nikaandika kwa herufi kubwa. Imekataa. Nikajaribu jina la mdogo wake Meshack. Akaunti ikajifunga, ikampelekea Mama Regina taarifa pamoja na jina la kompyuta iliyojaribu kuivunja. Yangu nimeipa jina Simba wa Kasingirima, kwa heshima ya mtaa wangu. Mama Regina akauliza mbele ya watu simba huyo ni nani. Nikajibu kwamba nilikuwa napima kufuli. Winfrida akasema kuidanganya kompyuta si dhambi. Jibu aliloweka yeye si jina la mtoto wala la mtu. Wamecheka mpaka jioni, na Saad akiwamo. Wivu tu.

Alhamisi, 4 Juni
Amekuja mgeni kutoka Dar es Salaam, Bwana Ashraf, kijana mpole. Mama Regina kaniomba nimtembeze. Zali! Mgeni akinisifu, feni imekuja. Nimempeleka Ujiji, nikamlisha migebuka ya kukaanga. Kila tulipopita watu wananiamkia: shikamoo Baba Yusra, karibu Baba Yusra. Akasema kumbe mimi ni mtu maarufu. Sikubisha.

Ijumaa, 5 Juni
Kumbe Ashraf ndiye mtaalamu aliyeitwa kutupima. Kikaoni aliomba kompyuta, akaenda kwenye akaunti yangu, akabonyeza kwamba amesahau neno la siri, akaandika Yusra. Kazi zangu zote zikatokea ukutani. Alieleza kwamba hakutumia utaalamu wowote, amekula samaki tu. Nilitaka kucheka na wenzangu, kisha nikaliona jina la Marcelina. Bibi yule mkimbizi alinitajia wanawe kwa kuninong'oneza sikioni, pale ufukweni Kagunga, akanisihi nisiyasome majina yao kwa sauti. Leo yako ukutani, makubwa kama bango. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Winfrida ndiye aliyeinuka akazima projekta. Kapewa feni, na majina yote yamehamishiwa kwake. Nimemwambia anastahili. Imeniuma, lakini nimesema.

Jumamosi, 6 Juni
Nimetubu. Mama Regina kaagiza kila mtu abadili jibu lake, aandike uongo mtupu usiojulikana na yeyote. Nimewaza tangu asubuhi, mke wangu Mwanakombo akidhani naumwa. Mwishowe nimepata: Simba wa Kasingirima. Si mtoto, si mtu. Mdukuzi atazeeka akikisia. Nikatoka barazani kifua mbele. Saad, akipita na birika lake, akaniita kutoka ng'ambo ya barabara: Simba wa Kasingirima, njoo unywe kahawa. Watoto wakadakia, jina likafika mpaka sokoni. Linanipendeza kuliko Baba Yusra. Nimewaitikia wote.