Sindano ya Bismuthi na Masharubu ya Mkuu

Nyamazeni, enyi wagonga mihuri na wanywaji wa chai ya saa nne! Tegeni masikio, niwasimulie vita vilivyopiganwa katika ghala la kuhifadhia mawe, vikadumu dakika kumi na saba, wala visimwachie mtu hata mchubuko.

Zama ambazo hakuna babu wa babu aliyekuwa amezaliwa, maji ya moto yalipanda kutoka chini ya miamba ya itale, yamebeba metali ya bismuthi pamoja na salfa, yakapenya nyufani, yakapoa humo, yakaacha mshipa wa jiwe jeupe wenye vijisindano vya kijivu ving'aavyo. Madini adimu kwelikweli. Miamba ikayalinda mamilioni ya miaka. Idara yetu tukufu ikakabidhiwa sindano moja, urefu wa punje ya mchele, ikaweza kuilinda hadi Jumanne.

Mlinzi wake alikuwa Mama Droo, jemadari wa droo mia nne, mwenye funguo kiunoni, aliyebakiza miezi mitatu astaafu. Asubuhi hiyo alifungua kisanduku akakuta pamba tupu. Sahihi katika daftari la kuazimia ilikuwa yake peke yake. Miaka thelathini ya uaminifu ingeishia kwenye jina la mwizi.

Ndipo aliponguruma Mkuu wa Mawe, simba wa vikao, mwenye masharubu ya mvi:

“Ewe mwanamke! Miamba imeitunza, wewe umeipoteza! Mkaguzi anaingia saa nne. Nimwambie nini?”

“Mwambie nani aliishika mwisho, mzee wangu.”

“Mimi jana niliitazama tu!”

Kutazama! Watu wa mawe hawatazami kwa macho matupu. Jiwe kavu huficha sura yake, kwa hiyo hulilamba ili walione vizuri. Naye Mkuu, mwenye shahada tatu ukutani, hajapata kukutana na jiwe asilionje. Mama Droo alilijua hilo. Akapiga magoti, akapekua sakafu, akachungulia chini ya mizani. Patupu. Alipoinua uso, jua la dirishani likapiga masharubu yale, na unywele mmoja ukang'aa kuliko wenzake.

“Mzee, usipumue.”

“Unathubutu kuniamuru?”

“Ukipiga chafya, umeipoteza wewe.”

Simba akanywea. Akafumba macho kama mtoto anayenyolewa. Mama Droo akachomoa kibano chake, akavuta. Wa kwanza ulikuwa mvi kweli. Mkuu akatoa yowe. Wa pili ulikuwa madini.

Saa nne mkaguzi akaikuta sindano juu ya pamba, naye Mkuu akamhutubia kuhusu ulinzi madhubuti, mdomo wa juu umemvimba. Mgeni alipotoka, Mama Droo alifungua daftari. Penye “Aliyeazima” akaandika cheo cha Mkuu. Penye “Hali iliporudishwa” akaandika: “Nzima, ila imelambwa.”

“Saini hapa, mzee wangu.”

Akasaini. Basi vizazi na vikumbuke: tangu milima iumbwe hadi Jumanne ile, ndiyo mara ya kwanza katika idara yetu kosa kupata sahihi ya mwenyewe.