Mihuri Kumi kwa Mchezo Mmoja

Jumatano, 7 Agosti 2019
Msiba! Bibi Tokuyo anafunga duka lake la peremende. Mashine ya mchezo wa video iliyo mlangoni itachukuliwa Jumapili. Haijazimwa tangu kiangazi cha 1986, maana ikizimwa inasahau majina yote ya washindi. La kwanza: Hisanori, mwenzetu wa utotoni. La pili: mimi, Shunpei. La tatu: Katsuo, marehemu sasa, aliyekuwa akinigawia soda yake. Miaka thelathini na tatu mimi wa pili! Nimemwambia mke wangu nahitaji mchana mmoja dukani. Fumie kanipa kadi, kama zile tulizogongewa mihuri utotoni kwenye mazoezi ya viungo ya asubuhi yaliyoongozwa na redio. Kila kazi ya nyumbani, mhuri mmoja. Ikifika kumi, niende. Ananiona mtoto.

Alhamisi, 8 Agosti
Mihuri sita! Nimeosha vyombo, nimefua, nimeosha vyombo tena. Vilikuwa safi, nilivichafua mwenyewe kwa mchuzi wa soya. Nyenje wanalia nje kama asubuhi zile. Nilikuwa naenda mazoezini hata nina homa, nisikose mhuri. Katsuo alinishika mkono nisianguke. Nimelia juu ya sinki.

Ijumaa, 9 Agosti
Akili imenijia. Nimechonga ua, kama la mhuri wa Fumie, kwenye kiazi kitamu, kama tulivyofundishwa shuleni kwa kugonga kadi za Mwaka Mpya. Mihuri minne, chapuchapu! Ushahidi nikautumbukiza kwenye supu ya miso. Supu ikawa nyekundu kwa wino. Fumie akauliza hicho ni kiazi gani. Nikasema mbegu mpya. Kafuta mihuri yote.

Jumamosi, 10 Agosti
Madirisha, bafu, choo, mapazia. Saa nane Fumie kanionea huruma, akasema, "Nenda tu, baba. Achana na kadi."
Bila mihuri? Nimekataa. Sheria ni sheria. Wa kumi nimeupata jioni, duka limeshafungwa.

Jumapili, 11 Agosti
Nimemshinda Hisanori! Jina langu juu kabisa! Bibi Tokuyo kapiga makofi. Hisanori, naye kaja kuiaga mashine, akanipa mkono.
"Umeniweza, bwana," akasema. "Nimekusubiri miaka yote hii."
Furaha ilinijaa. Ndipo nikaona vumbi nyuma ya mashine. Mkono ukachukua ufagio wenyewe. Nilishakuwa nawaza mhuri! Nikafagia, ufagio ukang'oa plagi. Kioo kikawa cheusi. Langu, la Hisanori, la Katsuo, yote yamekwenda. Jina la Katsuo halikubaki pengine popote mtaani.

Jumatatu, 12 Agosti
Hisanori kainunua mashine, kaiweka gereji kwake. Asubuhi kacheza ovyo makusudi, apate alama chache kama za Katsuo, na penye jina kaandika Katsuo. Nimemshika bega.
Nami nikitaka kucheza? Anasema nimwoshee gari. Kila nikiliosha, mhuri mmoja. Kumi, mchezo mmoja. Kadi ninayo tayari. Mhuri wake una picha ya samaki, mistari michache tu.
Masikini Hisanori. Nimeshanunua kiazi.