Themodinamiki kwa Sura Moja Moja

Jumatatu, 4 Agosti
Nyambeki amerudi Chepilat! Nimemwona akivuka barabara na mwavuli wa babake. Nimejificha nyuma ya rafu ya atlasi. Sijui kwa nini. Duka ni langu.

Ameingia. Amenisalimia kwa jina, Mbuthia, vile vile kama tulipokuwa darasa la nne na mimi nikinakili hesabu zake. Sasa anasoma kemia chuo kikuu. Ameanguka mtihani mmoja tu, wa themodinamiki, ile sayansi ya joto, na ataurudia mwisho wa mwezi. Anatafuta kitabu chake, kile kinene. Maktaba ya chuo ina nakala moja na mtu amekaa nayo.

Nimemwambia ninacho.

Sina! Nina vitabu vya shule ya msingi, bahasha, kalamu na kalenda za mwaka jana. Lakini nimesema ninacho, tena kwa sauti ya mtu aliyekimaliza.

Jumanne, 5 Agosti
Kericho. Nimechakura vitabu vya mtumba nyuma ya soko hadi goti likafa ganzi. Kalkulasi. Fizikia ya mawimbi. Botania yenye picha za mizizi. Nilivishika kimoja kimoja. Mimi alama zangu zilinifikisha getini kwa chuo zikaniacha hapo, na bado nikifungua vitabu hivi nasikia kama kuna watu wanacheka vizuri ndani ya nyumba na mimi niko uani.

Nimekipata! Jalada jekundu, kizito kama jiwe la kusagia.

Furaha imeisha nikifika Litein, njiani kurudi. Nimewaza: nikimpa kesho, atakibeba nyumbani, atakisoma, atapita, ataenda. Mimi nitabaki na kalenda.

Kufika Sotik nilikuwa na mpango. Mpango safi kabisa. Akipewa sura moja, atarudi kuomba nyingine.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekikata. Kisu cha karatasi, rula ya chuma. Kila sura nimeibana na stepla.

Alipokuja nilimwambia siku hizi ng'ambo wanachapisha vitabu kwa vipande, kwa sababu ya mabega ya wanafunzi. Aliangalia kingo za karatasi kwa muda. Akasema ng'ambo wana mambo. Amechukua sura ya kwanza, Ijumaa ataleta.

Ijumaa!

Ijumaa, 8 Agosti
Amekuja. Alitaka tu kubadilisha sura, lakini akakaa kwenye benchi la dirishani kuonja ukurasa wa kwanza, na hakuinuka hadi lori za majani chai zilipopita kwenda kiwandani. Akisoma fomula midomo yake inacheza. Nilipanga bahasha zile zile tena na tena.

Alinieleza jambo. Joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, na halirudi lenyewe. Nikamwambia hilo nalijua. Nalijua tangu darasa la nne! Hilo la pili sikulisema.

Kisha akaingia Clifford wa saiba, duka la intaneti la ng'ambo ya barabara. Clifford ana printa ya rangi na viatu vyenye ncha. Alisema kitabu hicho kipo mtandaoni kizima, anaweza kumtumia kwa simu. Nilimwambia Nyambeki vitabu vya mtandaoni vinaleta virusi kwa simu, na virusi hivyo huanza na namba za wazazi. Alicheka. Sijui alikuwa upande wa nani.

Jumatatu, 11 Agosti
Mvua ya mawe. Stima imepotea Chepilat nzima. Saiba ya Clifford giza! Nimesimama mlangoni nikimpungia mkono.

Wakati huo huo bati langu limeanza kuvuja juu ya rafu ya sura. Nimezitia zote kwenye katoni na kukimbia nazo kwa Drusilla, anayekaanga mandazi kibanda cha jirani. Bati lake ni jipya. Nimemwomba aniwekee.

Jumanne, 12 Agosti
Sitaki kuandika. Naandika.

Nimeenda kuchukua katoni. Nimekuta Drusilla anafunga mandazi kwa sura ya saba.

"Mama, unafanya nini?"

"Si uliniletea karatasi? Nikasema huyu kijana ana utu."

Nimezunguka soko zima nikiomba watu karatasi zao. Kinyozi alinipa ukurasa mmoja bila shida. Mwenye mbuzi wa kupeleka Mulot alikataa mpaka amalize kula, nikamngoja, nikimtazama mdomoni. Mama mmoja alisema mtoto wake ametulia na hiyo karatasi kwa mara ya kwanza leo, nisimguse.

Nimepata nyingi. Zina mafuta, lakini zinasomeka. Moja iliyokosekana, Drusilla anasema ilienda na mzee mmoja mrefu aliyenunua mandazi ya watoto. Mzee wa kofia ya buluu, anayechuma chai.

Nimeuliza jina huku nikilijua. Arasa. Babake Nyambeki.

Jumatano, 13 Agosti
Nyambeki alikuja kabla sijafungua. Alikuwa ameunyoosha ukurasa vizuri na kuukunja mara mbili.

"Mbuthia, hii ni ya kile kitabu?"

"Inafanana."

"Ulikikata."

"Kidogo."

"Kwa nini?"

Mdomo ulifunguka. Maneno yalikuwa hapo, yamejipanga, hata nilikuwa nimevuta pumzi. Nikasema, "Kisikulemee kubeba."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Aliketi pale benchini akaniambia kwao watoto wote wanalala sebuleni na redio ya mzee haizimwi mpaka habari ziishe. Hana mahali pa kusoma. Tangu siku ya kwanza alitaka kuniomba hilo benchi. Aliona haya.

"Ungenipa kizima ningekuja kila siku," akasema.

Kila siku!

Nikatoa sura zote na gundi. Tulikiunga upya mpaka mchana, yeye akipanga kurasa, mimi nikipaka. Vidole vyetu viligusana kwenye sura ya tano. Gundi ilinata. Nilijitahidi isikauke vibaya, na pia nilijitahidi ikauke.

Ule ukurasa aliobaki nao mtoto haukupatikana. Nyambeki alisema ndio wenye fomula kubwa. Nilivuka barabara mwenyewe, kwenye mvua, nikaingia kwa Clifford nikamwomba autafute mtandaoni. Akautoa kwa rangi. Alikataa malipo, mjinga huyo, na akauliza kama simu yangu ina virusi.

Alhamisi, 21 Agosti
Anakuja kila siku, kama alivyosema. Anasoma. Mimi nauza kalamu kwa sauti ya chini. Wateja wakiongea nawanyamazisha kwa kidole. Leo nimeweka chai pembeni yake, na yeye bila kuinua macho akasema asante, Mbuthia, kama mtu aliyekuwa akisema hivyo miaka mingi.

Nilipanga kumwambia jioni. Jioni nikamuuliza kama anahitaji rula.

Jumapili, 24 Agosti
Ameondoka. Mtihani ni kesho. Nilimbebea begi hadi stejini apande gari, kitabu kikiwa ndani, kizima, kimefura kwa gundi. Mashamba ya chai yalikuwa na ukungu. Alinishika mkono akasema nisiliuze lile benchi.

Nilikuwa na jibu zuri. Nimelipata sasa hivi, nikiandika. Pale stejini nilisema, "Karibu, tuna kalenda."

Duka limekuwa kubwa. Nimekaa kwenye benchi upande wake. Dirisha hilo linaonyesha saiba ya Clifford tu. Alikuwa akiona nini?

Ijumaa, 5 Septemba
Amepiga simu. Amepita! Nimepiga kelele hadi Drusilla akaja na mwiko wa mafuta mkononi.

Nyambeki anasema Desemba atakuja kusoma kwangu likizo yote, hata kama mvua ya mawe itarudi. Nisitafute sababu yoyote, amesema, atakuja tu. Kisha akauliza kama ninacho kitabu cha kalkulasi ya mwaka wa tatu. Nikasema ninacho.

Jumanne, 9 Septemba
Kericho tena. Nimekipata kitabu, na Mungu ni mwema: kina juzuu mbili! Sikukikata mimi. Wenye kukichapisha waliketi wenyewe, na elimu yao yote, wakaona kigawanywe.

Nimepekua kwa makini. Maswali yote yako juzuu ya kwanza. Majibu yote yako nyuma ya juzuu ya pili.

Ya kwanza nimemtumia leo. Ya pili nimeifungia kwenye droo.

Sasa lazima aje.