Kompyuta Yangu Isiyo na Picha

Jumatatu, 13 Oktoba

Bonasi ya chai tunayouza kiwandani imeingia. Siku hiyo hiyo Kipkemoi kinyozi amenifunga saba bila, gemu ya mpira, kwenye kompyuta yake, mbele ya watu wanaongoja kunyolewa. Watu wa Sosiot! Watu wanaonunua dawa ya kupe kwenye duka langu la agroveti. Mmoja aliuliza kama nimewahi kuona mpira. Nimeshtuka vile mtu anaweza kuaibika akiwa ameketi tu.

Uamuzi: nitajenga kompyuta yangu ya gemu. Ya bei nafuu. Nifanye mazoezi chumba cha nyuma mpaka niive, kisha niingie kwa Kipkemoi kama mtu anayetaka tu kupunguzwa ndevu.

Kizuizi: Charity, mke wangu. Bonasi yote ameitengea paa la zizi. Ng'ombe anakaribia kuzaa, na mvua ya mwezi huu haina huruma.

Jumanne, 14 Oktoba

Mpango umekubali. Nimemwambia Charity kompyuta ni ya kazi ya kanisa. Kumbukumbu za mikutano, barua, matangazo ya harusi. Mimi ndiye katibu wa kanisa, kwa hivyo si uongo mkubwa. Paa lingoje kidogo.

Alinitazama muda mrefu akichambua mboga. Nilijiandaa kwa vita. Akasema, "Baba Shirley, kama ni ya kanisa, mimi ni nani nikatae?"

Nimeshtuka. Sijawahi kushinda kwa urahisi hivyo tangu tuoane.

Jumatano, 15 Oktoba

Kericho mjini, kwa Mochama anayeuza vipuri vya kompyuta. Mtu wa maneno mengi. Alisema nianze na kadi ya grafiki, ile inayotengeneza picha, na pesa nyingi ziende hapo. Akanitajia bei. Ndama! Bei ya ndama mzima, kwa kitu cha ukubwa wa tofali. Nikajua ameniona mjinga. Picha ni kazi ya skrini, hata mtoto anajua. Nikaikataa.

Prosesa ndiyo akili ya mashine. Zilikuwa mbili zinafanana, moja ina herufi F mwishoni, na hiyo ndiyo ya bei ya chini. F ni ya fasta, bila shaka. Niliinyakua kabla Mochama hajagundua kosa lake. Alijaribu kunieleza jambo fulani kuhusu hiyo F. Nikamwambia asijisumbue, nina uzoefu.

Kwa pesa nilizookoa nimechukua boksi la kioo lenye taa za rangi, feni zinazowaka, na kiti cha gemu, chekundu, kama cha rubani. Mochama ataunganisha kila kitu na kuweka gemu ya mpira ifunguke yenyewe mashine ikiwashwa, nisipoteze wakati. Aliuliza tena habari ya kadi. Nikasema ninayo nyumbani, ili anyamaze.

Ijumaa, 17 Oktoba

Vitu vimefika. Charity aliuliza kama hicho kiti ndicho cha kuandikia kumbukumbu za mikutano. Nikasema mgongo wa katibu ni muhimu. Alicheka mpaka akashikilia mlango.

Nikawasha. Taa! Kijani, zambarau, waridi. Feni zikavuma vizuri sana.

Skrini nyeusi.

Nikabadilisha waya. Nyeusi. Nikazima, nikawasha, nikaipiga kofi dogo. Nyeusi. Nikampigia Mochama. Akauliza kwa upole kadi yangu ni ya aina gani. Nikakohoa. Ndipo akaeleza maana ya ile F: prosesa hiyo haiwezi kutoa picha yoyote bila kadi ya grafiki. Hata nukta moja. Yeye gemu aliiweka kwa kutumia kadi ya dukani kwake.

Niliketi kwenye kiti chekundu, mvua ikipiga mabati, nikitazama mti wa Krismasi ulionunuliwa kwa paa la ng'ombe.

Jumapili, 19 Oktoba

Nilikuwa nimepanga kunyamaza na kutafuta kadi polepole. Wakati wa matangazo, Charity akasimama. Akaeleza kanisa lote kwamba mume wake ametoa bonasi yake kununulia kazi ya Mungu kompyuta. Makofi. Mchungaji Aron alifuta macho. Akasema wazee waje kwetu baada ya ibada kuiombea.

Walikuja wote. Mama Rodah, mzee wa kanisa, alitazama zile taa akauliza kama ni za disko. Nikasema mashine inapasha moto kwanza. Ikapasha moto mpaka tukamaliza chai yote.

Kipkemoi naye alikuwepo, kwa sababu ndiye hupiga gitaa ibadani. Aliinama akachungulia ndani ya kioo. Nikajua nimekwisha, Sosiot nzima itacheka kabla ya jioni. Akaninong'oneza, "Gachanja, kadi iko wapi?"

Nilisema iko njiani. Alijua haiko njiani. Akawaambia wazee kuna kifaa kidogo kimebaki kwake, akatoka kwenye mvua, akarudi na kadi aliyoing'oa ndani ya kompyuta yake mwenyewe, ameifunga kwa taulo ya kinyozi. Kwa dakika chache nilimpenda mtu huyu kuliko ndugu zangu.

Mchungaji akainua mikono. Nikawasha. Picha ikaja.

Uwanja wa mpira. Mashabiki wakipiga mayowe katikati ya maombi.

Nilikuwa nimesahau kabisa! Nikasikia sauti yangu ikieleza kwamba hii ni huduma ya vijana, tutawavuta kwa mpira kisha tuwape Neno. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mchungaji akasema ni maono. Charity akaweka birika chini.

"Vijana hawawezi kujaa kwenye chumba changu," akasema. "Ikae kanisani."

Amina zikawa nyingi. Imebebwa, pamoja na kiti. Kipkemoi ameitoa kadi yake kama sadaka, na wazee wamemteua mlezi wa vijana papo hapo. Ufunguo anao yeye. Nikitaka kucheza, nimwombe.

Jumanne, 21 Oktoba

Ng'ombe amezaa asubuhi, akinyeshewa. Ndama alikuwa anatetemeka vibaya, hata kusimama hawezi. Charity alimfuta kwa leso yake, akamleta chumba cha nyuma, tukamlaza pale kiti kilipokuwa. Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Nilimshika ndama kichwa, naye akamnywesha kwa chupa mpaka akanyanyuka.

Mchana nikasikia nyundo. Wazee wamekuja kuezeka zizi, eti mtu aliyetoa bonasi yake hawezi kuachwa hivi. Kipkemoi juu kabisa, misumari mdomoni. Nimeshtuka.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimejirekebisha. Mambo ya kanisa sitayaguza tena.

Leo nimerudi kwa Mochama na chenji ya bonasi. Nimenunua usukani wa gemu za magari, na pedali zake. Alitaka kujua utafungwa kwenye kompyuta gani. Nikamwambia kompyuta itakuja, usukani mzuri ndio haupatikani kila siku.

Charity nimemwambia ni wa kujifunzia udereva, tuokoe karo ya shule ya udereva. Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema amefurahi sana, hakujua nina hamu hiyo moyoni. Akampigia kaka yake Mbuthia, mwenye pickup ya kubeba maziwa. Jumatatu kabla ya jua naanza kazi kwake kama tanboi, nipakie mitungi huku nikiijua barabara.

Nimeshtuka. Mitungi ile ni mizito.

Lakini nimewaza. Pickup hiyo hupita Kiptere, na Kiptere kuna mtu anauza skrini kubwa, iliyopinda. Nitamwambia Charity ni ya kutazamia bei ya maziwa.