Sakafu ya Petkana

Jumatatu, 7 Oktoba

Nilimpoteza mke wangu, Petkana, Jumapili, tarehe 22 Septemba, saa mbili na robo asubuhi. Hajafa. Yuko mji wa Asenovgrad kwa dada yake Zlatina, kilomita kumi na tisa kutoka kitandani kwangu.

Chanzo: sakafu ya bafu. Niliichagua mimi. Vigae vyeupe, vinang'aa mpaka unaona meno yako. Na mabafu ya magorofa yetu haya hayana beseni la kuogea. Bomba la mvua linamwagia chumba kizima, mashine ya kufulia ikiwemo. Petkana alikuwa na sabuni kichwani. Mguu ukaenda huku, yeye akaenda kule. Nilikimbia! Nikauliza kama kigae kimepasuka. Swali halali. Mtu aliyevibeba mwenyewe hadi ghorofa ya nne ana haki ya kujua. Akainuka mwenyewe, akaenda kufunga begi moja.

Mimi, niliyeanza na bisibisi ya kuazima na leo nimefunga madirisha elfu mbili mia moja katika mji huu wa Plovdiv. Nimeachwa kwa ajili ya kigae. Ambacho hakikupasuka.

Siku kumi na tano sasa. Kandambili zake bado ziko mlangoni mwa bafu. Nazipita kwa kuziruka.

Mpango: Jumatatu ijayo ni siku ya jina lake, sikukuu ya mtakatifu aliyeitwa kwa jina lake. Siku ya jina wageni hawaalikwi, wanakuja tu, nyumbani kwa mwenye jina. Petkana hawezi kuvumilia wageni wakute meza tupu na mume mwenye shati la makunyanzi. Atarudi. Akirudi akute sakafu mpya. Siku saba. Zinatosha!

Jumanne, 8 Oktoba

Majaribio. Sampuli nne juu ya sakafu ya jikoni, maji ya sabuni, miguu mitupu, hatua kumi kila moja. Vigae vya kung'aa: nimeteleza mara saba. Kapeti la plastiki: mara nne, na linanuka tairi. Mbao: mara mbili, lakini zimekunywa maji yote kama ng'ombe. Vigae vya kukwaruza: sifuri! Ngozi ya kisigino imebaki pale, lakini sifuri ni sifuri.

Velko wa ghorofa ya tatu akapanda kulalamika kwamba dari lake linatoa povu. Akanikuta nimeshika friji kwa mikono miwili. Akasema, jirani, kama unajifunza kucheza, umechelewa, mwenzako wa kucheza naye keshaondoka. Kisha akaniuliza kama nimemuuliza Petkana anataka sakafu gani. Nikamwambia zawadi haiulizwi. Akasema yeye mkewe humuuliza kila kitu, miaka thelathini na minne sasa, na bado wanaoga nyumba moja.

Anajisifu. Mtu ambaye hadi leo ana madirisha ya mbao!

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepiga simu Asenovgrad. Akapokea Zlatina. Akasema Petkana yuko bafuni. Nikauliza tangu lini. Nusu saa, akasema, na anaimba.

Anaimba! Kwangu hajaimba tangu vile vyeupe viingie. Kumbe alikuwa anaogopa kufumba macho na kuimba, asije akateleza. Nikaikandamiza simu sikioni, labda nisikie. Nilisikia maji tu.

Basi nikamwomba Zlatina anipimie vigae vyake, urefu na upana. Akaniuliza, shemeji, umepiga kumjulia hali mkeo au kupima bafu langu? Nikamwambia yote mawili, aanze na bafu. Akakata.

Nimeionea wivu sakafu ya Zlatina. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 12 Oktoba

Vyeupe nimeving'oa jana kwa nyundo, leo nimeweka vya kukwaruza. Vigae mia na nane, peke yangu, kwa magoti. Fundi angetaka kuniambia mambo, nami sitaki kuambiwa mambo nyumbani kwangu. Nimetumia pimamaji yangu ya madirisha. Kiputo cha hewa katikati kabisa, kila kona. Sijawahi kuona sakafu iliyonyooka vile. Karibu nilie.

Saa kumi nikafungua bomba, kujaribu. Maji yakasimama. Hayakwenda popote. Tundu la maji liko kona ile, maji yako huku, hakuna anayemwendea mwenzake. Dirisha linataka kunyooka. Bafu, inaonekana, linataka mteremko. Hakuna aliyeniambia!

Yakapata njia chini ya mlango. Yakazichukua kandambili za Petkana hadi sebuleni.

Velko akapanda tena. Akasema asante kwa bafu la pili, sasa nimletee na taulo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya jina lake. Nimekausha sakafu kwa matambara. Pai ya jibini ya kununua, pilipili za siki, pombe kali ya rakia, viti kumi na viwili. Shati nimepiga pasi, upande wa mbele.

Saa nane mlango ukagongwa. Velko na mkewe, suti na maua. Nikawakaribisha. Wakatazamana. Mkewe akasema taratibu kwamba walipita tu kuuliza kama nina nafasi kwenye gari, maana watu wote wanaelekea Asenovgrad. Mwenye jina yuko kule.

Sikwenda. Mume haendi kwa mkewe kama mgeni. Nilikula pai kwa kuhama viti, nisione jinsi vilivyo vitupu.

Jioni Petkana akapiga simu mwenyewe. Nyuma yake vicheko na vyombo. Akauliza kama nimekula. Hilo tu. Nikasema nimeweka vigae mia na nane. Kisha akasema, "Stoimen, sikutaka vigae. Nilitaka uniulize."

Nikasema nimeelewa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Na kweli nimeelewa! Siku tatu nimefikiri. Mke anataka kuulizwa. Kwa nini hakusema mapema, tukaokoa saruji?

Jumanne nimeng'oa vyote. Jana nimeweka vipya, kwa mteremko, sentimeta mbili kila mita, maji yanakimbilia tunduni kama yameitwa. Vya kijani. Mlangoni vikaniishia, pale nimemalizia na kijani iliyokoza. Saruji imekauka asubuhi hii. Ndipo nikakaa kumuuliza.

Kwanza niliandika "rudi". Nikafuta, si swali. Nikaandika kwamba nyumba imekuwa kimya. Nikafuta, si swali pia. Nimetuma hivi:

"Petkana. Nakuuliza kama ulivyotaka. Unapenda sakafu gani, kijani au kijani iliyokoza? Usizunguke. Nataka neno moja, kabla ya Jumapili saa sita mchana."