Wiki Tatu za Kuilaza Kompyuta

Leo nimeanikwa. Saa nane mchana, sebuleni kwetu Subukia, mbele ya mgeni na mbele ya mama aliyenizaa. Hata nguvu ya kujitetea sina. Nawaambia tu ndio msikie kutoka kwangu kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa kanisa.

Mnajua ile kompyuta niliunda mwenyewe. (Mnajua kwa sababu niliwaonyesha picha mara tisa.) Nilinunua kipande kwa kipande, nikafunga skrubu moja moja, nikaiweka sebuleni kwa mum kwa sababu soketi ya kwangu iliungua. Mashine poa. Shida yake ni moja tu: usingizi. Ukiilaza, inalala. Ukitoka kwenda kukamua ng'ombe, unarudi unaipata imeamka, skrini inawaka, feni inalia. Na hakuna mtu ameigusa.

Wiki tatu, jamani. Nimezima kwa settings kila kitu kinachoweza kuiamsha, isipokuwa keyboard na mouse, maana hizo lazima mtu aziguse. Nimechomoa waya ya intaneti. Nimebadilisha RAM. Nimebadilisha pawa saplai nzima. Nimekaa mbele yake nikiiangalia kama mtu anayengoja maziwa yachemke, na nikiiangalia, haiamki. Nikitoka tu, imeamka. Nilifika mahali nikaanza kuichukia.

Nikaibeba hadi Nakuru kwa fundi mmoja wa mtaa wa Bondeni. Huko ililala siku mbili kama mtoto aliyeshiba. Fundi akanirudishia, akasema, "Boss, hii haina shida. Labda ni nyinyi." Nikamkasirikia sana. (Leo nimemtumia ujumbe wa kuomba msamaha. Amejibu na kicheko.)

Mum naye alikuwa na maoni yake. Siku moja alikuwa peke yake sebuleni akichambua maharagwe, kompyuta ikajiwasha. "Shindwe!" Maharagwe yote chini. Alhamisi akaita akina mama wa kanisa, wanane, wakaja kuiombea. Mmoja aliiwekea CPU mkono na kuikemea kwa sauti. Walipomaliza, mum akaifunika vizuri na vitambaa vyake, akasema, "Sasa itatulia." Haikutulia.

Vitambaa, ndio. Kwetu kila kitu kina kitambaa. Viti, redio, meza, hadi mtungi wa maji. Mum anashona mwenyewe kwa uzi, vyeupe, vya maua maua. Kompyuta aliishonea seti nzima: cha skrini, cha CPU, na kadogo ka kuweka chini ya mouse. Mimi nikitaka kufanya kazi navitoa, navikunja, naketi. Nikiondoka, mum anaivalisha tena. (Tulieni. Msiseme kitu. Ngojeni nimalize.)

Sasa, polytechnic ya huku inatafuta mtu wa kuwaundia kompyuta ishirini na kuzichunga. Kazi ya kudumu. Miaka minne nimetafuta kazi kama hiyo. Miaka minne mum anaambia watu, "Mwangi wangu ni wa kompyuta," na watu wanaangalia gumboots zangu wananyamaza. Hii kazi niliitaka mpaka nikakosa hamu ya kula. Madam Principal akasema hataki karatasi, atakuja leo aone mashine yenyewe.

Asubuhi nikaivua vitambaa vyote, nikaipanguza. Madam akafika. Nikamfungulia CPU aone ndani, nikaifunga, nikaiwasha. Akaitikia kwa kichwa.

"Na ikikaa bila mtu?" akauliza. "Zile tuko nazo zinawaka tu mchana kutwa, stima inaisha bure."

"Hii inalala, Madam."

Nikailaza. Ikalala. Dakika tano. Dakika kumi. Tukapiga stori. Nikaanza kuhisi raha, ile ya kweli, nikajiona tayari na funguo za lab mfukoni.

Mum akaingia na chai. Akaiona kompyuta. Uso ukabadilika. Mgeni ameketi na kompyuta iko uchi! Akaweka treya, akafungua kabati, na mimi nikiendelea kuongea akaivalisha chap chap. Cha skrini, cha CPU, akainua mouse, akatandika kale kadogo, akarudisha mouse. Nilimwona. Naapa nilimwona. Nikaendelea kuongea.

Mlango ulikuwa wazi. Upepo kidogo ukapita, pindo la kitambaa likainuka pembeni mwa meza. Vuuuuu! Kompyuta ikaamka.

"Haiya!" mum akashika kifua. "Hata mbele ya wageni!"

Hapa ndipo ningenyamaza. Badala yake nikasimama. Nikamwambia Madam ni stima ya huku, haitulii, motherboard inaisikia. Nikaongeza Kiingereza kingi. Halafu nikamalizia na maneno ambayo yatanifuata hadi kaburini: "Madam, hii shida fundi wa kawaida hawezi kuiona. Inataka mtu wa jicho."

Madam akaweka kikombe chini. "Mama Mwangi, samahani kidogo." Akainua mouse, akatoa kitambaa, akaiweka juu ya meza tupu. "Ilaze."

Nikailaza. Tukangoja. Haikuamka. Akarudisha kitambaa chini ya mouse, akakivuta kwa kidole, kidogo tu. Vuuuuu!

"Kina mashimo," akasema polepole, vile unaelezea mtoto wa darasa la tatu. "Hii taa ya chini ya mouse ikiinuliwa haioni kitu, lakini ikiwa hapa juu inaona mashimo yakisonga, inafikiri ni yenyewe imesonga." Kisha akarudia zoezi lote tena. Hakukuwa na haja. Tulikuwa tumeelewa.

Wiki tatu. Pawa saplai mpya. Wamama wanane.

"Kwani hukujua?" mum akaniuliza. "Si wewe uliiunda?"

"Mum, ni wewe unaiwekea!"

"Na si wewe unakitoa kila siku na mikono yako?"

Nikakachukua kale kadogo, nikakakunja.

Madam akamaliza chai, akachukua mkoba. Nikamsindikiza hadi kwa gate nikijua kazi imeenda. Nikauliza tu hivyo hivyo: "Madam, na ile kazi?"

Akaniangalia vile walimu huangalia. "Kuunda unajua. Kuangalia ndio hujui. Jumatatu saa mbili, ofisini kwangu."

"Asante sana, Madam! Asante!"

"Na ukuje na mzazi."

Niko na miaka thelathini na nne. Mum ameshapiga pasi rinda ya kanisa. Mkituona barabarani Jumatatu, msalimieni yeye, mimi mnipite tu.